Ngazi za Mbao Zisizofika Popote

*Risala ya mafundi cherehani wa ghorofa ya pili kwa Mganga Mkuu, siku ya kukabidhi mapazia*

Mgeni rasmi, Mganga Mkuu wa hospitali yetu, kwanza kaa, upumue.

Tumekuona ukipanda ngazi. Tumekusikia pia. Pale kwenye kona ya ghorofa ya kwanza ulisimama ukajifanya unasoma tangazo la vyumba vya kupanga. Usione haya. Kila mtu hulisoma tangazo lile akifika pale, ndiyo maana hatulibandui, japo vyumba vyenyewe vilishapata wapangaji zamani. Maji yaliyo mezani kwako yamechemshwa, yamepozwa na yamefunikwa. Kwa nini tunakutajia yote hayo utasikia mbele. Kunywa bila wasiwasi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, wageni waalikwa, na ndugu zetu wa duka la nyuzi hapo chini mliokuja baada ya kusikia kuna soda: sisi mafundi cherehani wa jengo hili tunawakaribisha nyote. Risala hii imepitiwa na katibu, ikapitiwa na mwenyekiti, na kila mmoja akafuta alichoona hakifai mbele ya mkubwa. Kisha wakanipa mimi niisome, kwa kuwa mimi ni bibi yao humu ndani na aibu iliniishia siku moja na meno ya mbele. Waliyoyafuta nimeyarudisha.

HISTORIA FUPI YA UMOJA WETU

Mgeni rasmi, tulianza wachache, barazani, mvua ikinyesha tunafunika cherehani kwanza, watoto baadaye. Tukapata chumba hiki. Sasa tumejaa mpaka ukinyoosha mkono kuchukua mkasi wako unashika wa jirani, na wengine hushika wa jirani bila kunyoosha mkono.

Humu tunatumia cherehani za kukanyaga kwa miguu. Umeme una hiari yake, mguu hauna. Na kwa kuwa tunafanya kazi macho yakiwa kwenye sindano, tunajuana kwa masikio. Kila mtu ana mlio wake. Mwenyekiti wetu, tunayemwita Suti, anakanyaga polepole kama mtu anayesindikiza bosi. Mimi nakanyaga kama mvua ya manyunyu. Na Mama Vifungo, ambaye habari yake ndiyo iliyotuleta hapa, mlio wake ni huu: ta-ta-ta-ta, kimya. Ta-ta-ta-ta, kimya. Yeye ndiye hushona matundu ya vifungo. Kila shati na kila sare ya shule inayotoka humu hupita kwake mwisho. Kwa kola unaweza kumdanganya mteja. Tundu la kifungo halidanganyi: ama kifungo kinaingia, ama tumbo linabaki nje.

Kuhusu sifa yetu mjini kwamba mafundi cherehani tunasema "njoo kesho" hata kwa nguo ambayo haijakatwa, mgeni rasmi, hatukani. Msemo huo tumeuzaa sisi, tumeunyonyesha sisi, na popote ulipo tunautambua kwa sura. Naomba ulikumbuke hilo. Nitalirudia.

JAMBO LILILOTUFIKA

Mama Vifungo aliugua. Mwanzoni ulikuwa uchovu, akakataa chakula, yeye ambaye tukigawana mkate hugawa yeye. Kisha mkojo ukawa kama chai ya rangi, na macho yakageuka manjano. Wifi yake, yaani dada wa mumewe, naye ni fundi mwenzetu wa sketi, akamwekea usoni kipande cha kitambaa cha manjano.

"Wifi, umefanana. Nikukate nikushonee mto?"

"Nikate, lakini kisogoni ubakize, kaka yako hupenda kukishika."

Alikwenda hospitalini kwenu, akapimwa damu, akaambiwa ni homa ya ini, ile inayosababishwa na kirusi, ile inayoingia kwa maji na chakula kilichoguswa na uchafu. Akaambiwa apumzike, asimeze mizizi ya watu wala vidonge asivyopewa na daktari, maana ini lilishachoka na halitaki wageni. Akapumzika. Manjano yakafifia, hamu ya chakula ikarudi. Siku aliyorudi kazini tuligonga mikasi mezani kwa furaha mpaka mwenye duka la chini akapanda kuuliza nani ameolewa.

Haikupita muda, akasema, "Kuna pini kwenye viatu vyangu."

"Vua, ukung'ute," wifi yake akamwambia.

Akavua, akakung'uta. Hakuna kitu. Akavaa. "Bado zinanichoma. Na sasa zimehamia mguu wa pili."

Mgeni rasmi, wewe ni daktari, na mwanamke aliyetoka juzi tu kuugua ini akikwambia anachomwachomwa nyayoni, masikio yatakusimama. Sisi ni mafundi cherehani. Mtu akituambia anachomwa mguu, tunajua ni pini. Pini huanguka, pini huchoma, ndiyo maisha yetu. Basi tukachukua sumaku yetu iliyofungwa kwenye kamba, tukaitembeza chini ya meza zote. Tuliokota pini konzi nzima. Tuliokota sindano zilizopotea tangu enzi za barazani. Tuliokota na pete ya ndoa ya mwenyekiti, aliyokuwa amemwambia mkewe imeibwa, na kwa kuwa pete ile ilinaswa na sumaku, mkewe akaja kujua pia dhahabu aliyoolewa nayo ilikuwa ya namna gani. Hapa mwenyekiti atanikanyaga mguu. Nimevaa viatu vigumu.

Sakafu ikawa safi, mtoto angeweza kutambaa. Mama Vifungo akakaa, akasema, "Bado."

Siku iliyofuata, tukasikia. Ta. Ta. Kimya. Ta. Kimya.

"Cherehani yangu imekuwa nzito," akasema.

Tunaye mtu wa kutengeneza cherehani, tunamwita Fundi Mafuta. Akaja na kopo lake. Akabadilisha mkanda, akasafisha kanyagio, akatia mafuta kila penye tundu. Akakaa mwenyewe akakanyaga: gurudumu likaruka. "Nyepesi hii, hata paka anashona." Mama Vifungo akakaa: gurudumu likatambaa. Fundi Mafuta akakuna kichwa, akaifungua tena mpaka skrubu zikalala mezani kama samaki wadogo. Akaiunga. Akakanyaga: ikaruka. Mama Vifungo akakanyaga: ikatambaa.

Wifi yake akashindwa kuvumilia. "Wifi, cherehani haina ugonjwa. Wewe zimekuchosha hizi sare za shule. Kama ni usingizi nenda nyumbani kwa kaka yangu ukalale, kitanda kipo."

"Kaka yako anakoroma. Hapa ndipo ninapokuja kulala."

Tukacheka. Na yeye akacheka, ila kicheko kilikwenda upande mmoja wa uso, upande wa pili ukabaki unatutazama. Kisha akainuka apeleke shati kwenye pasi, na magoti yakakunjika kama kitambaa kinachoteleza mezani.

Ndipo tulipojua kwamba tulikuwa tukitibu cherehani, mgonjwa akiwa juu ya kiti.

Tulimteremsha kwa ngazi hizo ulizopanda, amelala juu ya ubao wetu wa kukatia. Wifi yake alikuwa upande wa kichwa, machozi yanamdondokea mgonjwa usoni.

"Nilikuwa natania, wifi. Natania tu."

"Najua. Shika vizuri. Ukiniangusha watasema ulikuwa unaitaka cherehani."

MAELEZO TULIYOPEWA NA DAKTARI, KADIRI TULIVYOELEWA

Daktari wa mishipa ya fahamu alimgonga goti kwa kinyundo, goti likanyamaza. Akagonga la pili, likanyamaza. Akatugeukia. "Hivi karibuni aliugua nini?"

Tukasema, macho yalikuwa ya manjano.

"Maji mnakunywa ya wapi?"

"Ya tangi la juu ya paa."

"Linafunikwa?"

"Na mbingu," akajibu mwenyekiti, na hilo ni moja ya majibu ya kweli aliyowahi kutoa.

Daktari akatueleza kwa subira. Kirusi cha homa ya ini kikiingia, kinga ya mwili hutoka kupigana nacho. Kwa karibu watu wote vita huisha, askari hurudi nyumbani. Kwa wachache sana, askari huchanganyikiwa. Adui ameondoka, wao bado wanatafuta wa kumpiga, na wanaishambulia mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari kutoka kichwani mpaka kidoleni. Mishipa hiyo ina ganda lake. Ganda likiliwa, habari hazifiki. Kichwa kinasema "kanyaga", mguu unasema "nani mwenzangu?" Huanzia nyayoni na huweza kupanda mpaka kwenye pumzi, na hapo ndipo pa kuogopa.

Nikamwuliza daktari, "Yaani bitana imechanika, koti ni zima?"

Akanitazama, akasema, "Bibi, nitaiba huo mfano."

Nikamwambia aibe tu, humu kila mtu anaiba mikasi. Basi ndivyo tulivyoelezana sote: bitana imechanika, koti zima. Na bitana hushonwa tena, ila mwili hushona kwa mkono, haushoni kwa cherehani. Taratibu.

Alitiwa dawa ya mshipani kuwatuliza wale askari. Kila asubuhi daktari alikuja kupima pumzi yake, akimwambia ahesabu kwa sauti bila kuvuta pumzi nyingine. Mama Vifungo akachagua kuhesabu vifungo vya koti la daktari. Siku mbaya, pumzi ilikatika kabla vifungo havijafika tumboni. Wakaagiza mashine ya kupumulia isogezwe karibu. Ilisogezwa, ikakaa pale kando ya kitanda, na kwa neema ya Mungu haikuwashwa. Siku moja vifungo vya daktari vikaisha na pumzi bado ipo. Akaendelea na vya muuguzi. Akakwama kwenye cha mwisho.

"Hiki kimeshonwa na nani? Kinaning'inia kama jino la mtoto."

Muuguzi akamkumbatia. Tulijua amerudi.

Na kidole gumba cha mguu kilipotikisika kwa mara ya kwanza, wifi yake alipiga kigelegele pale pale wodini, wauguzi wakaja mbio wakidhani mtu kafa. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, ambaye hakujua kisa wala mkasa, naye akapiga cha kwake. Tuliambiwa tutoke nje. Tulitoka tukiimba.

CHUMBA CHA NGAZI

Mgeni rasmi, sasa nakuja kwenye chumba unachokijua kuliko sisi, ingawa huenda hujawahi kukaa sakafuni mwake. Ni kile cha mwisho wa ujia, chenye madirisha manne membamba yaliyo juu. Chumba cha mazoezi ya viungo.

Ndani mna vyuma viwili vya kushika mtu anapojifunza kusimama. Mna mkeka. Mna kioo kilichopasuka kona. Na mna ngazi za mbao: tatu za kupanda, kibaraza kidogo, tatu za kushuka. Hazifiki popote. Unapanda, unashuka, umerudi ulipokuwa. Siku ya kwanza Mama Vifungo alizitazama akauliza, "Huko juu kuna nini?"

Mtaalamu wa mazoezi akamjibu, "Kuna kushuka. Haya, panda."

Mtaalamu huyo tunamwita Bwana Tena, kwa sababu hilo ndilo neno lake. Ukinyanyua mguu, "Tena." Ukianguka, "Tena." Ukimtukana, na Mama Vifungo alimtukana kwa ufundi mkubwa, "Sauti nzuri, pumzi imerudi. Tena." Wifi yake alikuwa akimpeleka kila mara, akikaa kwenye mkeka na sketi zake za kupinda pindo, akimchokoza: "Wifi, kanyaga kama unamkanyaga mtu." "Namkanyaga. Wewe." Na mguu unapanda.

Mikono ilirudi kwanza. Uso ukarudi, kicheko kikakamilika pande zote mbili. Mguu wa kulia ukarudi. Wa kushoto ni mkaidi: unyayo bado unaning'inia, unaburuta kama pindo lililofumuka. Bwana Tena anasema utarudi, bitana bado inashonwa, ila asiache mazoezi, asiache hata kidogo. Kwa sasa Mama Vifungo anashona matundu kwa mkono, huko chini kwenye duka la nyuzi, tunakomteremshia mashati. Kanyagio lake tumelifunika kitambaa. Hakuna anayelikalia. Fundi Mafuta hulitia mafuta hata hivyo.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, pamoja na hayo, Umoja wetu umepata mafanikio mengi, na katibu amenisisitiza niyataje kwa heshima.

Kwanza, tangi la juu ya paa tumelishonea gauni. La turubai, lenye kifuniko, na kiunoni tumelitia mkanda. Lilipendeza kuliko wateja wengi. Daktari alipoona akacheka, kisha akatuambia gauni ni zuri lakini kirusi hakiogopi turubai kama maji yameingia nacho kutoka bombani. Basi tunachemsha. Choo kina sabuni, na sabuni imefungwa kwa kamba, kwa sababu tunajuana.

Pili, tumebadilika katika kupima. Mteja akija, tunampima mabega, tunampima kiuno, na tunamtazama macho. Yakiwa ya manjano hatumkatii nguo, tunampeleka kwenu. Na akisema aliugua ini na sasa nyayo zinamchoma au miguu imekuwa mizito, hatutafuti pini. Muuza mikate wa mtaa wa nyuma tulimpeleka hivyo, akiwa na suruali upande mmoja tu, akipinga njia nzima. Alikuwa na homa ya ini, akapona, miguu yake haikuguswa. Bado anatudai mguu wa pili wa suruali. Aje kesho.

Tatu, sote tumepimwa ile homa ya ini nyingine inayoambukiza kwa damu, kwa kuwa sisi ni watu wa sindano na vidole vyetu havikosi kutoboka, na tumepata chanjo. Mwenyekiti alizimia alipoona sindano. Mtu anayeshika sindano tangu ujanani! Tulimpepea kwa koti lake mwenyewe.

CHANGAMOTO

Changamoto ni moja.

Mwezi uliopita hospitali yako ilitupa heshima ya kushona mapazia ya ukumbi mpya wa mikutano. Tulifurahi. Tukaja kupima, mwenyekiti, wifi mtu, na mimi nikiwa na tepu shingoni. Karani akatutangulia. Tukapita wodi, tukapita famasi, tukaenda na ujia mpaka mwisho, na tulipozidi kwenda miguu yetu ikaanza kuijua njia kabla ya vichwa. Akafungua mlango.

Bwana Tena alikuwa amepiga magoti anamfundisha mtu kusimama. Nyuma yake zile ngazi za mbao zilikuwa zimesukumwa ukutani, juu yake pamepangwa viti vipya vya mkutano, bado viko kwenye nailoni. Bwana Tena alitutazama, akaitazama tepu yangu, akamrudia mgonjwa wake.

Wifi mtu akamwuliza karani, "Na hawa wa mazoezi?"

"Watatafutiwa mahali."

"Lini?"

"Watatafutiwa tu, mama."

Mgeni rasmi, nilikuomba ukumbuke jambo. Tulilitambua neno hilo mlangoni, kabla halijavua viatu. Lile ni "njoo kesho". Ni mtoto wetu, amevaa tai.

Hatusemi hospitali haihitaji ukumbi. Mikutano ni muhimu, sisi wenyewe tunafanya, na huwa tunakubaliana siku ya mkutano ujao. Tunajua pia kwamba mkubwa hupelekewa karatasi yenye neno "chumba namba fulani", na karatasi haionyeshi nani amekaa humo amepiga magoti.

MAOMBI, PAMOJA NA KUOMBA RADHI

Mgeni rasmi, kabla ya kuomba tuna kosa la kutubu.

Mapazia yameshonwa. Ni mazuri, ya rangi ya samawati. Manjano hatutaki kuyaona mpaka mwakani. Yana marinda yaliyolingana, pindo zito, bitana ya kuzuia jua. Tatizo ni vipimo. Tulipoyakunjua juzi tuliona kwamba hayaenei kabisa kwenye madirisha manne membamba ya chumba kile. Ni mapana mno. Tumekaa kikao, tumejiuliza, mafundi wazima na umri huu, tepu mkononi, imekuwaje? Vipimo nilichukua mimi. Macho yangu, Mheshimiwa, si ya jana.

Kwa bahati ya ajabu, ambayo hatuwezi kuieleza, mapazia haya yanaenea barabara, bila kuzidi kidole, kwenye madirisha matatu makubwa ya lile jumba la ng'ambo ya ua, mnamowekwa vitanda vilivyovunjika. Tunajua kwa kuwa tumeyajaribu. Mlinzi asilaumiwe, wakati huo alikuwa amesimama kwenye kigoda akipimwa suruali na hakuweza kugeuka. Jumba lile ni pana, lina upepo, na ukikaa pale mbele unaona lango, hivyo mwenyekiti wa mkutano atawaona wachelewaji wakiwa bado mbali. Kwa mikutano hakuna mahali pazuri kama pale. Ni kama madirisha yenyewe yaliomba.

Kwa hiyo, kwa kuwa kosa ni letu, tunaomba kulirekebisha kwa nguvu zetu. Jumamosi tutakuja sote na Fundi Mafuta. Tutavitoa vile vitanda, vinavyotengenezeka atavitengeneza, tutafagia, tutatembeza sumaku, tutatundika mapazia. Viti vya mkutano tutavibeba wenyewe kutoka juu ya zile ngazi za mbao. Ombi letu kwako ni ruhusa tu: chumba cha mwisho wa ujia kibaki na vyuma vyake, na mkeka wake, na Bwana Tena wake.

Labda kuna mtu katika msafara wako anayewaza kwamba ngazi zile ni mbao tu za kupanda na kushuka, hazifiki popote, hakuna hasara zikienda stoo. Hata sisi tulidhani hivyo.

Mgeni rasmi, wakati unasoma tangazo pale kwenye kona, kuna mwanamke aliyevaa gauni la vifungo kuanzia shingoni mpaka chini alikupita upande wa ukuta. Alikuambia, "Samahani, baba, naomba njia." Ukampisha. Hukumjua. Wifi yake alikuwa nyuma akimwambia, "Kanyaga, wifi, kanyaga, unamchelewesha mgeni." Alitoka chini mpaka hapa kwa miguu yake, ule mkaidi akiunyanyua kwa paja, mara ya kwanza tangu tulipomteremsha juu ya ubao. Hatukumwambia apande. Tulikuwa tumepanga akungojee chini kwenye duka la nyuzi. Alikataa.

Ngazi za mbao zimefika hapa, Mheshimiwa. Zimefika ghorofa ya pili.

HITIMISHO

Sasa nitakunja karatasi. Mama Vifungo atainuka pale karibu na dirisha, atachukua pazia moja, aje akukabidhi. Ni mwendo mfupi kwako, kwake ni safari. Tafadhali usiinuke kumsaidia, atakukaripia mbele ya watu, na soda zitatupalia. Akiyumba, wifi yake yuko nyuma, na Bwana Tena yuko pale mlangoni amefunga mdomo kwa shida.

Jibu la ombi letu usinipe mimi, mimi ni msomaji tu, na kusikia kwangu nako si kwa jana. Mpe yeye, akishafika. Mwambie lolote ulilonalo, ila lile neno letu tunaomba utuachie sisi wenyewe leo. Na akikuuliza, "Je, nirudi chumbani kwetu Jumatatu?" sisi tungefurahi ukimjibu kwa neno la Bwana Tena.

Mungu akupe ini safi, Mheshimiwa, na miguu inayokutii mpaka uzeeni, na vifungo visivyochoka kukushika, na fundi wa kukukabidhi nguo siku aliyosema. Awape wauguzi wetu usingizi, na wagonjwa wetu walioko mkekani awape hatua.

Ni sisi watoto wako, na mimi bibi yako kwa umri,

Umoja wa Mafundi Cherehani wa Ghorofa ya Pili.

Haya, Mama Vifungo. Mgeni anakungoja. Kanyaga.